Kinyago cha Karatasi: Mtoto Aone, Apumue na Asikike

Kila inapokaribia tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, ujumbe wa namna moja hufika katika nyumba nyingi za kata zetu. Huletwa na mtoto mwenyewe, na mara nyingi huletwa jioni, wakati maduka yamekwisha kufungwa: "Mama, mwalimu amesema kesho kutwa kila mtu aje na kinyago chake. Mimi ni Fisi." Mama hutazama chungu kilichoko mekoni, hutazama pochi, kisha huuliza iwapo Fisi hawezi kuigizwa bila kinyago. Mtoto hujibu kwamba hawezi, na kwa hakika amesema kweli, kwa kuwa Sungura atakuwa na masikio yake na Simba atakuwa na manyoya yake, na Fisi asiye na sura ya Fisi atabaki kuwa mtoto wa fulani aliyesimama jukwaani na sare ya shule.

Vinyago vya plastiki vinavyouzwa mijini havimsaidii sana mzazi huyo. Vingi ni sura za wahusika wa filamu za ng'ambo. Fisi wa hadithi zetu hayumo miongoni mwao, wala Kobe. Aidha, fedha ya kununulia kitu kitakachovaliwa kwa dakika kumi haipatikani kwa wepesi katika kila nyumba. Matokeo yake hujulikana kwa walimu wengi: mtoto aliyeshika maneno yake yote hukaa kando siku ya maonyesho, na nafasi yake hupewa mwenzake mwenye vazi. Siku hiyo iliwekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1990 kwa kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, waliouawa walipoandamana tarehe 16 Juni 1976 kudai elimu iliyo bora. Si vyema igizo la siku hiyo liwe mahali pa kumwachia mtoto nje kwa kukosa kipande cha plastiki.

Jambo jema ni kwamba kinyago kizuri cha karatasi hutengenezwa nyumbani kwa vitu ambavyo kwa kawaida vinasubiri kutupwa, pamoja na kikombe kimoja cha unga. Jambo linalohitaji uangalifu ni kwamba kinyago kibaya cha karatasi ni hatari kuliko kutokuwa nacho. Makala haya yanaeleza yote mawili.

Kwanza, neno lenyewe. Tangu mwaka 2020 watu wengi wamezoea kusema "barakoa" kwa kile kitambaa cha kujikinga na maradhi. Zamani, katika visiwa vya Zanzibar na huko Omani, barakoa ilikuwa vazi la uso la wanawake. Kinachozungumzwa hapa ni kinyago, yaani sura ya mhusika inayovaliwa na mchezaji.

Macho kabla ya sura

Wazazi wengi huanza kwa kuchora sura. Humchora Fisi vizuri, hutoboa matundu pale yalipo macho ya Fisi, kisha humvisha mtoto na kugundua kwamba macho ya Fisi hayakukutana na macho ya mtoto. Mtoto haoni. Mzazi huyapanua matundu kidogo kwa wembe, sura huharibika, na mtoto bado haoni.

Mafundi wa zamani walikwisha kulitatua suala hili. Wamakonde wa mkoa wa Mtwara, pamoja na wenzao wa kaskazini mwa Msumbiji, huchonga kwa mti mwepesi vinyago vya ngoma viitwavyo mapiko, ambavyo huvikwa kichwani mithili ya kofia kubwa inayomeza kichwa chote. Lipiko lina macho, tena yaliyochongwa kwa ustadi, lakini mchezaji haoni kupitia macho hayo; huona kupitia tundu la mdomo. Macho ya sura ni kwa ajili ya watazamaji, na mahali pa kuonea huamuliwa na kichwa cha mvaaji. Mzazi akilishika hilo, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa hiyo kazi na ianze kwa kupima. Mtoto akae akitazama mbele, na mzazi ashike rula chini kidogo ya macho yake bila kuugusa uso, asome umbali kutoka katikati ya mboni moja hadi katikati ya nyingine. Kwa watoto wa shule ya msingi umbali huo huwa sentimita 5 hadi 6 hivi. Kipimo hicho kihamishiwe kwenye boksi kabla ya mstari wowote wa sura kuchorwa. Kila tundu lisipungue sentimita 4 kwa upana na sentimita 3 kwa kimo. Tundu la sentimita 2 hupendeza zaidi kwenye mchoro, lakini humfanya mtoto aone kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo: humwona aliye mbele yake, asimwone aliye ubavuni, wala asione ngazi iliyo miguuni pake.

Kuna namna tatu za kinyago, na si zote zinamfaa kila mtoto. Namna ya kwanza ni kinyago cha paji, ambacho sura ya mnyama hukaa juu ya paji la uso kama ukingo wa kofia, uso wa mtoto ukibaki wazi kabisa. Namna ya pili hufunika nusu ya uso, kuanzia kwenye paji hadi ncha ya pua, na kuuacha mdomo huru. Namna ya tatu hufunika uso mzima. Wengi huipenda hii ya tatu kwa kuwa ndiyo inayofanana zaidi na vinyago vya dukani, ilhali ndiyo iliyo duni kuliko zote kwa igizo la watoto. Sauti ya mtoto ikipita nyuma ya karatasi hufifia, na katika uwanja wa shule usio na kipaza sauti, watu wa safu ya tatu hawatasikia neno. Jasho huilainisha karatasi kutoka ndani. Tena, iwapo miongoni mwa wachezaji au watazamaji yumo mtoto kiziwi anayefuata mazungumzo kwa kutazama midomo, uso uliofunikwa wote humfungia mlango.

Kwa hiyo watoto wa awali hadi darasa la pili, watoto wanaovaa miwani, na wale wenye pumu wapewe kinyago cha paji. Wakubwa zaidi watumie cha nusu uso. Cha uso mzima, ikiwa ni lazima kitumike, kiwe cha mhusika anayesimama mahali pamoja, asiyekimbia na mwenye maneno machache, na mdomo wake uachwe wazi.

Karatasi ipi, gundi ipi

Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, karatasi ya kaki imeenea majumbani kupitia mifuko ya madukani. Karatasi hiyo ni ngumu na ina rangi inayokaribia ya Fisi na Simba kabla hata ya kupakwa chochote. Magazeti ya zamani, karatasi za daftari zilizojaa na maboksi ya sabuni au biskuti vyote vinafaa. Visivyofaa ni mifuko ya saruji, hata ikikung'utwa namna gani, kwa sababu vumbi lake huunguza ngozi na macho. Pia mifuko ya mbegu zilizotiwa dawa na vifungashio vya viuatilifu, ambavyo katika kata za wakulima huonekana kuwa karatasi nzuri ya bure. Hivyo visiguswe kabisa kwa kazi hii. Mfuko wa plastiki nao usitumike kufunika kichwa wala uso, hata kwa mzaha wa dakika moja, kwa kuwa hunata puani na mdomoni mtoto anapovuta pumzi.

Kinyago cha haraka, cha kutengenezwa jioni moja, ni cha boksi bapa. Karatasi ikunjwe katikati, nusu ya sura ichorwe upande mmoja wa mkunjo, ikatwe, kisha ikunjuliwe: pande mbili zitalingana bila kuhangaika. Karatasi hiyo iwekwe juu ya boksi, mstari uzungushwe kwa kalamu, na boksi likatwe. Ili boksi lisikae usoni kama sahani, mikato miwili ya sentimita 3 ifanywe kwenye kidevu au kwenye paji, kingo zake zipandishwe moja juu ya nyingine na kugandishwa. Boksi litajikunja lenyewe kufuata mviringo wa uso. Pua au mdomo wa mnyama huongezwa kwa kipande kingine kilichokunjwa.

Kinyago cha kudumu hufinyangwa kwa tabaka za karatasi na gundi, na huhitaji siku tatu au nne. Gundi yake ni ya unga. Kikombe kimoja cha unga wa ngano kivurugwe katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi mabonge yaishe. Vikombe vinne vya maji vichemshwe, mchanganyiko ule umiminwe humo taratibu huku ukikorogwa, na baada ya dakika mbili tatu utakuwa mzito kama uji mwepesi. Kijiko cha chumvi kikitiwa, huchelewesha ukungu. Kazi ya jikoni ni ya mtu mzima. Mtoto aingie gundi ikishapoa. Gundi hii haidumu zaidi ya siku mbili, hasa katika joto la pwani, na ikianza kunuka imwagwe. Pasipo unga wa ngano, unga wa muhogo hufanya kazi ileile, isipokuwa mtoto aambiwe mapema kwamba gundi si uji, kwa kuwa watoto wengi huiramba.

Bakuli lililofudikizwa, nusu ya kibuyu au puto lililopulizwa hutumika kuwa umbo la uso. Umbo hilo lipakwe mafuta ya kupikia kwanza ili karatasi isigande nalo. Karatasi ichanwe kwa mkono, isikatwe kwa mkasi, katika vipande vyembamba vya sentimita 2 au 3; ukingo uliochanwa una nyuzinyuzi zinazoshikana na kujificha, ilhali ukingo wa mkasi huacha ngazi. Kila kipande kichovywe kwenye gundi, kikamuliwe kati ya vidole viwili, kisha kilazwe. Hila moja ya mafundi inafaa kukumbukwa: tabaka la kwanza liwe la gazeti, la pili la karatasi nyeupe au kaki, la tatu la gazeti tena. Kwa njia hiyo jicho huona papo hapo mahali ambapo tabaka halijafika, na kinyago hakitakuwa na sehemu nyembamba inayochanika siku ya igizo.

Matabaka manne yanatosha. Kosa la kawaida ni kuyaweka yote kwa siku moja. Nje hukauka, ndani hubaki majimaji, na baada ya siku mbili harufu ya ukungu hutangulia mhusika kuingia jukwaani. Yawekwe mawili, yakauke, ndipo mengine mawili yafuate. Kukausha kuanze kivulini penye upepo, na jua lije mwishoni, kwa sababu jua kali hupinda karatasi mbichi. Mwezi wa Juni katika sehemu nyingi za nchi ni mkavu na husaidia. Atakayetengeneza wakati wa masika ajiongezee siku mbili.

Kamba, na majaribio

Kinyago hushikwa kichwani kwa lastiki ya mafundi cherehani au kwa utepe wa kitambaa unaopita nyuma ya kichwa juu ya masikio. Kamba isizungushwe shingoni hata kidogo, na fundo lake liwe la kufunguka kwa kuvutwa mara moja. Mahali pa kutobolea pagandishwe kipande cha kitambaa ili pasichanike. Ikiwa pini za stepla zimetumika, ncha zake zielekee nje, kisha zifunikwe kwa karatasi. Kwa mtoto asiyependa kitu kichwani, kijiti kinachogandishwa upande mmoja wa kinyago humwezesha kukishika mkononi na kukiondoa atakapo.

Kabla ya rangi, kinyago kijaribiwe. Mtoto akivae, asimame. Mzazi ainue vidole upande wa kushoto, kisha wa kulia, na mtoto ataje idadi bila kugeuza kichwa. Fimbo ilazwe chini mbele yake, naye airuke bila kuinama. Aseme sentensi yake ndefu kuliko zote, na mtu aliyesimama hatua ishirini mbali aseme alichosikia. Jaribio lolote likishindikana, matundu yapanuliwe, au kinyago kipandishwe kiwe cha paji. Ni afadhali kujua hivyo uani kuliko jukwaani.

Kuna kanuni moja isiyo na mjadala: kinyago huvaliwa mahali pa mchezo, hakivaliwi njiani. Mtoto anayekwenda shule asubuhi akiwa Simba kamili hawezi kuona pikipiki inayotoka ubavuni, wala dereva hataona kwamba Simba huyo hamwoni. Kibebwe kwenye mfuko. Vivyo hivyo karatasi na manyoya ya katani hushika moto upesi, kwa hiyo mazoezi ya usiku yasifanywe karibu na koroboi, mshumaa au jiko la mkaa. Simu ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Sura inayosomeka kutoka mbali

Uso wa karatasi haucheki wala haununi. Hubaki na hali moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa sababu hiyo mchoraji aamue mapema tabia kuu ya mhusika na kuikuza. Sungura hutambulika kwa masikio, basi yawe marefu kupita kiasi, moja likiwa limeinama kidogo kuonyesha ujanja. Simba ni manyoya ya shingo: nyuzi za katani au vipande vya kaki vilivyokunjwakunjwa. Kobe ni kidevu kisicho na haraka na macho yaliyofumba nusu. Fisi ndiye anayewashinda wengi, na siri yake ipo kwenye masikio. Fisi madoa, anayejulikana zaidi nchini, ana masikio ya mviringo. Akichorwa masikio yaliyochongoka hugeuka kuwa mbwa, na watoto watamcheka mchezaji badala ya kumcheka mhusika.

Rangi nazo hazihitaji duka. Masizi ya chini ya chungu yakichanganywa na gundi hutoa rangi nyeusi isiyong'aa. Udongo mwekundu uliochekechwa hutoa rangi ya kahawia. Manjano ya jikoni hutoa njano. Bluu ya kufulia hutoa samawati. Chokaa isitumike upande unaogusa ngozi, na rangi za mafuta za kupaka milango zisitumike kabisa, kwa kuwa harufu yake pekee humtosha mtoto kuumwa kichwa.

Mtoto ashirikishwe tangu kuchana karatasi. Si kwa ajili ya kupunguza kazi, maana kwa kweli ataiongeza. Watoto wadogo wengi huogopa vinyago, na wahenga waliuliza zamani: kinyago ukichonge mwenyewe, kisha kikutishe? Mtoto aliyeona Fisi akianza kuwa gazeti la juzi hatalia Fisi atakapoingia.

Sura zisizofaa kutengenezwa

Hapa pana suala zito kuliko gundi. Katika maigizo mengi ya shule huwamo mhusika "bibi mchawi", na sura yake karibu kila mara ni ileile: kikongwe mwenye makunyanzi na macho mekundu. Katika nchi yetu, hususan katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na wekundu wa macho ulitajwa kuwa dalili. Wekundu huo kwa wengi wao ulitokana na moshi wa kuni na samadi waliopikia maisha yao yote. Mtoto anayevikwa sura hiyo na kushangiliwa anafundishwa kumwogopa jirani yake. Hadithi ikihitaji mhusika mwovu, awepo Zimwi, lenye jicho moja au vichwa viwili, lisilofanana na mtu yeyote wa mtaani.

Kwa sababu iyo hiyo visitengenezwe vinyago vya kudhihaki watu wenye ualbino, watu wenye ulemavu wala kabila lolote. Mapiko na vinyago vingine vya jando na unyago pia visiigizwe kabla ya kuwauliza wazee wenye mila hiyo. Baadhi yake vina miiko, na kwa desturi ya Wamakonde asiyefundwa hakupaswa kumjua aliye ndani ya lipiko.

Mzazi, mlezi au mwalimu atakayeona mashaka kuhusu igizo au sura fulani amwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kata. Kwa taarifa za mtoto aliyefanyiwa ukatili wa aina yoyote, simu ya bure kwa ajili ya watoto ni 116.

Baada ya maonyesho

Kinyago cha unga ni chakula kwa panya na mende, hivyo kisitupwe uvunguni. Kikaushwe jasho, kitiwe kwenye mfuko wa kaki pamoja na majani makavu ya mwarobaini, na kitundikwe juu kwenye kamba. Kilichochanika hurudi kazini: kikilowekwa usiku kucha na kutwangwa, hugeuka rojo la kufinyangia pua na pembe za vinyago vipya.

Shule zinazokusanya vinyago baada ya igizo hupata, kwa miaka miwili au mitatu, sanduku linaloweza kuwavisha watoto ambao nyumbani hakukupatikana hata unga. Kwa sababu hiyo, kabla ya kukabidhi, mzazi aandike kwa kalamu upande wa ndani jina la mhusika, mwaka, na ule umbali wa mboni kwa sentimita, ili mwalimu wa mwaka ujao ajue ni mtoto yupi ataona vizuri kupitia matundu hayo.